Mgongoni kwa Mkwe

Nkwabi alikuwa amesimama nyuma ya nyumba yake mwenyewe, taulo begani na ndoo mkononi, akisubiri mama mkwe wake atoke uani ili apite kwenda kuoga. Alianza kusubiri maji yakiwa ya moto. Sasa yalikuwa vuguvugu, na kwa jinsi mazungumzo ya uani yalivyokuwa yakinoga, alishajua kuwa leo ataoga ya baridi.

"Jumatatu naondoka na meli," ilisema sauti ya mama mkwe. "Nguo zangu nimeshapanga."

"Mama, na kliniki ya goti?" aliuliza Odeta, mke wa Nkwabi. "Bado una mwezi mzima wa mazoezi."

"Goti nitalichua mwenyewe hukohuko Nansio. Mafuta ninayo."

"Na maji atakuchotea nani? Nyumba nzima uko peke yako."

Bi Wilhelmina, mama yake, alijibu kwa sauti ya chini, ambayo ukuta wa matofali ya kuchoma haukuizuia hata neno moja. "Odeta mwanangu, leo pale bombani Fadhila ameniuliza mbele za watu: 'Mama, mbona mkweo anakula gengeni kama kapera? Kuna usalama huko ndani?' Watu wakacheka. Mimi nimekuja Mwanza kutibiwa goti, sikuja kumfukuza mtu mezani kwake. Akisikia sauti yangu anazunguka nyumba. Nikitoka sebuleni ndiyo anaingia. Miezi mitatu, hata shikamoo yake napelekewa na wewe, kama barua. Mtu hanitaki, nami nina kwangu."

Ndoo nusura imponyoke Nkwabi. Hanitaki! Alitamani ukuta upasuke aseme neno, lakini angesemaje, na yeye hata pale hakutakiwa kuwapo?

Ukweli ni kwamba Nkwabi alimpenda mama yule, tena sana. Tangu afike, mke wake alikuwa anaimba akiosha vyombo. Samaki wa karanga wa Bi Wilhelmina walimfikia karakanani kwenye hotpoti, naye fundi mzima, mchomelea mageti mwenye mikono kama makasia, alilamba mpaka mfuniko. Lakini Nkwabi alilelewa na babu yake kule Magu, na babu alimfundisha kwamba mama mkwe hatazamwi usoni, chakula hakiliwi mbele yake, wala hapitwi karibu hata nguo zikagusana. Huko Magu jambo hilo halina shida. Mji wa wakwe uko mbali, na kati yenu kuna shamba la pamba na njia ya ng'ombe. Hapa Buzuruga, mjini Mwanza, kulikuwa na vyumba viwili, sebule moja na choo kimoja. Nkwabi aliichukua heshima yote ya Magu akaiingiza humo bila kupunguza hata inchi, akaamini anamfanyia mama wa watu hisani kubwa. Kumbe miezi yote hiyo alikuwa anamfukuza.

*

Kesho yake mchana Odeta alimletea chakula karakanani, akaweka hotpoti juu ya meza ya vyuma, akabaki amesimama.

"Umesikia ya jana?"

"Nimesikia."

"Nilijua. Nilikiona kivuli chako pale nyuma kimebeba ndoo." Alijifuta jasho. "Kesho Jumamosi kikundi chetu kimekodi boti ya Pius, tunakwenda Fungu la Nyange. Na wewe unakwenda."

"Kikundi cha akina mama?"

"Tunahitaji mtu wa kubeba masufuria."

"Mama yupo?"

"Mama ndiye mgeni wa heshima. Zaidi ya miaka thelathini anapita na meli, analiona lile fungu la mchanga linavyong'aa kule katikati ya maji, hajawahi kulikanyaga. Anasema akilikanyaga tu, atakwenda kwake roho nyeupe."

Nkwabi alishika koleo akaliweka chini, akalishika tena. "Odeta, boti ni moja. Fungu lenyewe nasikia halizidi uwanja wa netiboli. Mimi na mama tutapishana wapi?"

"Ndiyo maana unakwenda," Odeta alisema, na sasa hakuwa na utani hata kidogo. "Mama akipanda ile meli Jumatatu, anakwenda kulala peke yake na goti lile, huku akiamini kuwa umemchoka. Hatarudi tena, namjua. Mwambie abaki. Mwambie wewe."

"Nimwambie kwa mdomo?"

"Kwani wewe huwa unasemea nini?"

Akaondoka. Siku hiyo Nkwabi alichomelea geti la watu upande wa juu chini, ikabidi alikate aanze upya.

*

Asubuhi ya Jumamosi ziwa lilikuwa limetulia, limelala kimya kama mtoto aliyeshiba. Pale mwaloni, ufukweni zinapoegeshwa boti, walifika wanawake kumi na mmoja, mtoto mmoja wa kike, Sabina, binti wa Nkwabi na Odeta, masufuria mawili ya pilau, kreti mbili za soda, viti vitatu vya plastiki, na mwanaume mmoja. Wanawake walimtazama huyo mwanaume, wakatazamana, wakacheka.

"Karibu kikundini, shosti," Fadhila, yule wa bombani, alimwambia.

Pius, mwenye boti, alikuwa mtu wa maneno machache na sheria nyingi. Kila mmoja alivalishwa boya la rangi ya machungwa, akafungwa kamba mpaka akakohoa. Kisha Pius akaanza kupanga watu kwa uzito, bila aibu, kwa kuwatazama tu kama mtu anayepima ng'ombe mnadani.

"Fundi, wewe njoo katikati. Bibi, wewe huna uzito, kaa hapahapa ubavuni kwa fundi akukinge upepo."

Nkwabi alijifanya hakusikia, akaelekea mbele kabisa kwenye ncha. Boti ikainama pua, soda zikagongana, wanawake wakapiga ukelele.

"Fundi! Unataka kutuzamisha nchi kavu? Rudi katikati!"

Akajaribu nyuma. Boti ikainua pua juu. Ikabidi arudi katikati, ambako Bi Wilhelmina alikuwa ameshakaa, mdogo, mnyoofu, kitenge kimefungwa vizuri kichwani, macho yake kwenye maji. Nkwabi alikaa kwa kumgeuzia mgongo, akiwa anatazama nyuma safari nzima kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Fadhila aliona. Odeta aliona kwamba Fadhila ameona, akatamani kujifunika boya usoni. Bi Wilhelmina naye hakuwa kipofu. Alivuta upande wa kanga yake taratibu, akauondoa kabisa kwenye ubao alipokaa mkwe wake, ili asimsumbue.

Nkwabi alihisi kile kitambaa kikiondoka, na kilimuuma kuliko cheche yoyote iliyowahi kumrukia.

Lakini nani anaweza kununa muda mrefu kwenye maji kama yale? Mawe ya Mwanza yalibaki nyuma yamepandana, upepo ukaja na harufu ya dagaa wabichi, na mama mmoja akaanzisha wimbo ambao wote waliujua kiitikio tu, kwa hiyo wakaimba kiitikio mara ishirini. Baada ya saa moja na kitu Sabina alisimama akaonyesha kidole. Mbele yao, katikati ya ziwa lisilo na kitu, palikuwa na mstari mweupe. Nyange waliruka juu yake wote kwa pamoja, wakazunguka, wakatua tena ncha ya mbali.

"Ndilo lile," alisema Bi Wilhelmina. Hakuwa anamwambia mtu.

*

Boti ilikwaruza mchanga ikasimama. Kati yao na fungu palikuwa bado na maji, hatua kama themanini hivi, maangavu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu konokono chini.

"Mwisho wa gari," Pius alisema. "Ziwa limepungua. Nikilazimisha, mashine itakula mchanga na tutalala hapa. Maji ni ya magotini tu. Mamba hakuna."

"Una uhakika?" aliuliza mama mmoja.

"Mimi sijawahi kumwona."

Nkwabi ndiye wa kwanza kushuka, sufuria la pilau kichwani, mbio mbio kama amefunguliwa kifungoni. Nyuma yake wanawake waliruka mmoja mmoja, kanga juu ya magoti, wakipiga vigelegele kila maji yalipowagusa mahali papya. Wengine hawakufika fungu hata kidogo. Waliketi palepale majini na nguo zao wakarushiana maji kama watoto wa shule, mama mwenye wajukuu saba akiwa mstari wa mbele.

Bi Wilhelmina alibaki botini. Ukingo wa boti ulikuwa juu, na goti lake la kushoto halikukubali kukunjwa wala kukanyaga mahali panapotitia.

Odeta na Fadhila walifungamanisha mikono wakamtengenezea kiti. Kabla hajakikalia, Fadhila aliteleza, akamvuta Odeta, wote wawili wakaketi majini mpaka kifuani. Kikaja kicheko ambacho hata Pius alishiriki. Wakaleta kiti cha plastiki, wanawake wanne wakakishika miguu, lakini walipokibandika ubavuni mwa boti, miguu miwili ilititia mchangani, kiti kikapinda upande, Bi Wilhelmina akabaki ananing'inia kwenye ukingo, kitenge kimemshuka machoni. Wakamsukumia ndani tena. Hakuumia. Lakini sasa hakuna aliyecheka.

"Basi," alisema, akijifunga kitenge upya. "Nendeni mkale. Mimi nitalitazama nikiwa hapahapa. Nimezoea kulitazama."

"Pius, mbebe wewe," Odeta aliomba.

"Nikiiachia boti upepo unaichukua. Mtarudi Mwanza kwa kuogelea?"

Bi Wilhelmina aligeuka akatazama upande wa pili, upande wa Ukerewe, kwao.

Nkwabi aliyaona yote akiwa kwenye fungu, sufuria bado kichwani. Aliliona lile boya la machungwa limekaa peke yake botini, kubwa kuliko aliyelivaa. Akajionea aibu. Mwanaume mwenye nguvu za kubeba geti la futi kumi peke yake amesimama mchangani na pilau, na mama mzazi wa mke wake amekwama umbali wa kutupa jiwe. Alimkumbuka babu yake, akamwomba radhi kimoyomoyo, akatua sufuria, akaingia majini.

Alipokaribia boti hatua kumi, alisimama, akageuka, akaanza kwenda kinyumenyume.

Wanawake waliduwaa kidogo tu. Kisha Fadhila, aliyelowa chapachapa, akapiga makofi mawili kama utingo wa lori. "Rudi! Rudi! Haya, kulia kidogo! Nyoosha! Rudi, rudi, rudi... hapo!"

Mgongo wa Nkwabi uligusa ubao wa boti. Aliinama, mikono kwenye magoti, macho yake kwenye nyange wa mbali.

"Mama Sabina," alimwita mke wake, "mwambie mama apande."

"Mama, mkweo anasema upande."

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Mwulize kama anajua anachofanya."

"Mama anauliza..."

"Mwambie najua."

"Mwambie mimi si gunia la saruji. Goti la kushoto asilibane."

"Mwambie sitalibana."

Mikono miwili mikavu ikapita mabegani mwake, ikashikana kifuani. Alikuwa mwepesi mpaka Nkwabi akaogopa. Akajiinua polepole, akapiga hatua ya kwanza, na vigelegele vilivyopanda hapo viliwafanya nyange wote waruke tena.

Odeta alipaswa kuandamana nao ili aendelee kupeleka salamu huku na huku. Lakini alikuwa amebeba viatu vya mama yake, mkoba wake na kiti kilichopinda, na kila hatua alisimama kucheka. Akabaki nyuma. Kwa mara ya kwanza katika maisha yao, Nkwabi na mama mkwe wake walikuwa peke yao, bila mtu wa kuwasemea, katikati ya ziwa.

Walikwenda hatua kumi.

"Unatweta," alisema Bi Wilhelmina hatimaye. "Kama umechoka nishushe."

"Sijachoka." Akapiga hatua nyingine tano. "Shikamoo, Mayu."

Lilikuwa neno la kwao, analomwitia mama yake mzazi. Mikono iliyomshika kifuani ilikaza kidogo.

"Marahaba. Miezi mitatu naingoja hiyo."

"Nilikuwa nakutumia."

"Salamu ya kutumwa inafika imepoa." "Baba Sabina, nakuuliza tukiwa hapa ambapo huna pa kukimbilia. Nimekukosea nini mpaka huli kwako?"

"Hujanikosea kitu. Ni heshima, Mayu. Babu yangu alinifundisha."

"Hata kwetu tunaheshimiana na wakwe. Nami sikumzoea mama mkwe wangu. Lakini marehemu mume wangu alikuwa akikaa mti ule, mama yangu anakaa mti huu, wote wanashiba. Ninyi mna sebule moja. Heshima gani ya kumshindisha mtu gengeni?"

Maji yalikuwa yanapungua, yalishafika chini ya magoti, na kila hatua ililisogeza fungu karibu. Nkwabi akajua akifika pale hatasema tena. Akasimama.

"Mayu, usiende Jumatatu."

"Odeta kakutuma?"

"Nasema mimi."

"Upepo huu. Sijasikia vizuri."

Alikuwa amesikia vizuri sana. Nkwabi alivuta pumzi, akatoa ile sauti anayoitumia karakanani mashine ya kukatia vyuma ikiwa inanguruma. "USIENDE JUMATATU! Nyumba itakuwa baridi! Mimi ndiye sitaki uende!"

Wanawake wote waliokuwa majini na mchangani wakageuza vichwa. Nyuma kule, Odeta aliangusha kiti.

Bi Wilhelmina akauliza, taratibu, "Kwenu, mtu akimgusa mama mkwe wake anafanywaje?"

"Analipa mbuzi."

"Anakwenda wapi huyo mbuzi?"

"Analiwa. Mkwe na mama mkwe wanakula nyama yake mahali pamoja, na tangu siku hiyo hakuna tena kukimbiana."

"Kumbe kuna mbuzi! Na ulilijua hilo muda wote huu?"

"Nilijua. Ila mtu hawezi kukukosea makusudi ili tu alipe."

Mgongoni kwake alihisi kitu kinatikisika. Alidhani analia, akashtuka, mpaka aliposikia kile kicheko, chembamba, cha kujizuia, kicheko kilekile cha Odeta, kasoro umri.

"Twende," alisema Bi Wilhelmina. "Nishushe kwenye mchanga mkavu. Maji nimeyazoea, mimi wa Ukerewe."

*

Alimshusha, akabaki amempa mgongo. Bi Wilhelmina alisimama kwanza kwa mguu mzima, kisha akauweka ule mwingine. Mchanga ulikuwa wa moto juu na wa baridi chini. Akavizamisha vidole vyake humo, akatazama kulia, akatazama kushoto, maji pande zote, na yeye katikati akiwa amesimama. Hakusema kitu. Alifungua kitenge kichwani, akakizungusha juu, akapiga kigelegele kirefu kupita vyote vya siku hiyo, na kikundi kizima kikamjia mbio.

Walicheza mpaka mchanga ukaingia kwenye pilau. Soda ziliwekwa majini zipoe, na moja ikaenda zake. Picha zilipigwa mpaka simu ya Fadhila ikazima. Bi Wilhelmina aliketi kwenye kimoja cha viti vizima vilivyobaki, miguu yote miwili majini hadi vifundoni, na Sabina akamfunika goti kwa mchanga wa moto, dawa ambayo kliniki hawakuwa nayo.

Ila hakuwa amejibu kama atabaki. Odeta alipakua chakula huku akimwibia macho mama yake, na kila alipotaka kuuliza, aliishia kumwongezea pilau.

Nkwabi alichukua sahani yake akaanza kuondoka kwenda kula ncha ya pili, pamoja na nyange.

"Odeta," Bi Wilhelmina aliita, "mwambie mkwe wangu arudi. Mbuzi bado hajaliwa, kwa hiyo asinitazame. Akae hapa, anipe mgongo. Mgongo wake nimeshauzoea."

Kikawekwa kiti, na nyuma yake Nkwabi akaketi mchangani, na kati yao sinia moja la pilau, kila mmoja akipeleka mkono ubavuni bila kugeuka. Wanawake walikula wakiwatazama wao kuliko chakula.

Fadhila hakupenda jambo libaki nusu. Labda lile swali lake la bombani lilikuwa linamwasha, labda alikuwa amefurahi tu. Alijifuta mafuta mdomoni akasema, "Mbuzi si tatizo. Kaka yangu Buswelu anao kumi na wawili. Naazima simu ya mtu sasa hivi, kesho Jumapili mbuzi yuko mlangoni, mnakula, mambo yanaisha, na Jumatatu mama anapanda meli yake bila kinyongo na mtu!"

Odeta alishika sahani kwa mikono miwili. Mkono wa Nkwabi ulisimama juu ya sinia.

"Mbuzi wa Buswelu," alisema Nkwabi, akiwatazama nyange, bila kumtuma mtu, "mwaka huu wamekonda."

Bi Wilhelmina alitafuna tonge lake mpaka likaisha. Akameza. Akanywa soda.

"Wamekonda sana," alisema. "Mbuzi wa namna ile siwezi kula. Mimi nitangoja kwenu mpaka wanenepe."

Tangu azaliwe, Bi Wilhelmina hajawahi kufika Buswelu. Odeta aliinamia sahani yake, akacheka na kulia kwa pamoja, na Nkwabi, bila kugeuka, akasukuma mnofu mkubwa kuliko yote ukavuka katikati ya sinia hadi upande wa pili.